Grace Hopper: Shosho wa Jeshi Aliyechoka Kukopi Kitu Moja Kila Siku, Akaifundisha Kompyuta Kujiandikia

Kama wewe ni wale wasee wa kukesha na laptop, hii raha unaijua. Unaandika herufi mbili tatu, unabonyeza Tab, na mistari kumi inajiandika yenyewe. Ukifungua faili mpya ya tovuti unagonga alama ya mshangao, Tab, na mifupa yote ya ukurasa iko hapo. Nani ana time ya kuandika kitu moja mara mia?

Lakini kuna enzi hiyo ilikuwa kazi halali kabisa. Wasomi wenye digrii nzito za hisabati walikuwa wanakaa chini na kalamu, wanakopi msimbo kutoka kwa daftari ya mwenzao herufi moja moja, wanakosea, wanaanza tena. Mtu aliyechoka na hiyo maisha na kusema mashine ndiyo inafaa kufanya kazi ya kukopi alikuwa mama mmoja mwembamba wa Marekani, mwalimu wa hesabu aliyegeuka mwanajeshi. Jina lake Grace Hopper. Alifariki 1992, na stori yake bado haijapoa.

Saa saba zilizofunguliwa

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906, jina la nyumbani Grace Brewster Murray. Budake alikuwa kwa biashara ya bima, na kwa enzi hiyo alikuwa na kichwa ya tofauti: alitaka wasichana wake wasome sawa na kijana wake.

Grace akiwa na miaka 7 aliamua kujua venye saa ya kengele inafanya kazi. Akaifungua. Vyuma vikaruka, akashindwa kuirudisha. Akaenda kwa chumba ingine akachukua saa ya pili aone labda hiyo itamwelewesha. Nayo ikamshinda. Mathe alipokuja kushtuka, mtoto alikuwa amefungua saa saba za nyumba nzima. Hakuchapwa. Alipewa sheria moja tu: kuanzia leo unachezea saa moja, hizo zingine ziache.

Shule haikuwa laini mwanzo mwisho. Alipojaribu kuingia Vassar College akiwa na miaka 16, marks za Kilatini zilimwangusha. Akangoja mwaka mmoja, akarudi, akaingia. 1928 akamaliza na hisabati na fizikia, akaenda Yale, akachukua masters 1930 na udaktari wa hisabati 1934. Hapo katikati, 1930, aliolewa na Vincent Foster Hopper, mwalimu wa chuo pia, na hilo jina la Hopper ndilo akabaki nalo maisha yote. 1931 alikuwa amerudi Vassar, sasa yeye ndiye ako mbele ya ubao.

Angeishia hapo. Mwalimu wa hesabu, mshahara, pensheni. Lakini vita ikabisha hodi.

Jeshi lilimkataa, akang'ang'ana

Desemba 1941 Japani ilipiga Pearl Harbor na Marekani ikaingia Vita vya Pili vya Dunia. Grace alikuwa anafikisha miaka 35 wiki hiyo hiyo. Alitaka Jeshi la Majini, lakini majibu yalikuwa ni hapana, na sababu zilikuwa tatu. Moja, umri umeenda. Mbili, alikuwa mwembamba sana, karibu kilo 7 chini ya kiwango walichotaka. Tatu, mwalimu wa hisabati ana faida zaidi darasani kuliko kwa meli.

Msee mwingine angerudi home kulia. Yeye akatafuta ruhusa ya uzito, akaomba likizo kwa chuo, na mwisho wa 1943 akaapishwa kwa kikosi cha akiba cha wanawake wa Jeshi la Majini. Kwa mafunzo alikuwa na watoto wa rika la wanafunzi wake, na 1944 akamaliza akiwa nambari moja wa darasa lake. Upande wa nyumbani mambo yalikuwa yamekauka. Ndoa ilivunjika kabisa 1945, na hawakuwa na mtoto.

Alidhani atapelekwa kufungua siri za maadui. Badala yake, Julai 1944, akatumwa Chuo Kikuu cha Harvard. Huko kulikuwa na mashine.

Mnyama wa mita 15

Mashine yenyewe iliitwa Mark I. Usifikirie laptop. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, kimo cha mita 2.4, uzito wa tani 4 na kitu, na vipande zaidi ya laki saba. Ilijengwa na IBM. Kasi yake? Kujumlisha, mara tatu kwa sekunde. Kuzidisha, kama sekunde 6 kwa hesabu moja. Leo simu ya mkopo ingeicheka, lakini wakati huo ilikuwa inafanya kazi ya chumba kizima cha watu.

Mkubwa wa hapo alikuwa Howard Aiken, mwanajeshi mkali, hana maneno mingi. Hakumpa Grace hata nafasi ya kupumua. Alimwonyesha ile mashine na kumpa hesabu ngumu ya kumaliza kwa wiki moja. Mashine mwenyewe ndio anaiona mara ya kwanza.

Kuipa Mark I maagizo ilikuwa hivi. Unachukua utepe wa karatasi, unatoboa mashimo. Kila mstari wa mashimo ni amri moja: chukua namba kutoka hapa, peleka pale, fanya hivi. Ukikosea shimo moja, jibu ni takataka, na hujui ni shimo gani. Ukitaka mashine irudie kitu, unaunganisha mwisho wa utepe na mwanzo wake kwa gundi, unazunguka kama mkanda wa posho mill.

Grace alikuwa anafanya kazi na vijana wawili, Richard Bloch na Robert Campbell. Punde si punde wote watatu waligundua kitu kimoja: kazi nyingi ni marudio. Leo jeshi linataka hesabu za kulenga mizinga, kesho zinakuja hesabu za mabomu ya baharini, lakini ndani yake kuna vipande vile vile vinavyorudi. Kwa hivyo kila mmoja akaweka daftari. Ukishaandika kipande na ukapima ukaona kiko fiti, unakinakili kwa daftari. Mwenzako akikihitaji anakuja anakopi.

Hizo daftari ndizo babu za kila kitu unachokiita kiolezo sai. Kipande kilichopimwa, kimewekwa mahali, kinangoja kuitwa tena. Shida ilikuwa moja tu. Aliyekuwa anakopi alikuwa binadamu.

Nondo maarufu

Kuna stori hii lazima mtu aitaje. Tarehe 9 Septemba 1947, ndugu ya Mark I, Mark II, ilikuwa inasumbua. Mafundi wakafungua, wakapata nondo amekwama kwa swichi. Wakamtoa, wakambandika kwa daftari la kazi na selotepu, na wakaandika kwamba huyu sasa ndiye mdudu wa kwanza kupatikana kikweli.

Watu wengi huambiana Grace ndiye aligundua neno mdudu kwa maana ya kosa la programu. Si kweli. Wahandisi walikuwa wanaita makosa wadudu tangu karne ya 19, ndiyo maana utani wa daftari ulikuwa mtamu. Na si yeye aliyemtoa huyo nondo. Yeye alikuwa msimulizi, na alisimulia vizuri hadi dunia ikampa umiliki. Daftari lenyewe na nondo wake wako kwa jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington.

Miaka ya giza

Hii sehemu watu huiruka. Vita iliisha, Vassar wakamwita arudi kama profesa kamili, akakataa kwa sababu alitaka kubaki na mashine. Lakini Harvard hawakuwa na kiti cha kudumu cha mwanamke. Alipewa mkataba wa miaka mitatu, na 1949 ukaisha. Miaka 42, hana bwana, hana kazi, na miaka ya kukesha vitani ilikuwa imemwachia pombe kama rafiki wa karibu sana.

Alihamia Philadelphia kufanya kazi na kampuni changa ya Eckert na Mauchly, wasee waliokuwa wanajenga kompyuta ya kuuza kwa biashara, UNIVAC. Mwaka huo huo wa 1949 makarao walimshika usiku akiwa amelewa, akaishia hospitali. Marafiki waliingilia kati, mmoja wao Edmund Berkeley, aliyemwandikia kumwambia ukweli bila kumpaka mafuta: kipaji chako kinamwagika. Hakuwa sawa kwa siku moja, lakini alirudi kwa kazi. Miaka mitatu baadaye alikuwa na kitu ambacho hakuna mtu alitaka kuamini.

Namba 4 ikigeuka kuwa A

Twende kwa utamu wenyewe. Huko Philadelphia kulikuwa na mbogi ya maprograma wakali, na bado walikuwa wanatumia ile mbinu ya daftari. Unataka kipande cha mwenzako? Kopi kwa mkono. Grace akaanza kuangalia makosa yanatoka wapi, na akapata yanatoka sehemu mbili.

Ya kwanza ni kukopi. Mtu akinakili kwa mkono, namba 4 inageuka kuwa A. B inaonekana kama 13. Mwandishi ni yule yule, daktari wa hisabati, lakini mkono umechoka na jicho limezoea.

Ya pili ni kujumlisha. Kila kipande cha daftari kilikuwa kimeandikwa kikianzia mstari wa sifuri. Ukikiingiza katikati ya programu yako, tuseme mstari wa 200, lazima uongeze 200 kwa kila anwani iliyo ndani yake. Mstari baada ya mstari. Kichwa ya msomi inafanya hesabu ya darasa la tatu mara mia, na mara moja tu akikosea programu nzima inalala.

Na hapo ndipo akaona kichekesho chenyewe. Kazi ya kukopi bila kukosea na kujumlisha bila kuchoka, si hiyo ndiyo kompyuta ilijengewa? Sasa kwa nini binadamu ndiye anaifanya kwa niaba ya mashine?

Alikuwa tayari ameonja hasara ya kufikiria kama mashine. Kompyuta moja ya hapo, BINAC, ilikuwa inahesabu kwa mfumo wa msingi wa 8 badala ya 10. Grace aliizoea hadi ikaingia damu. Siku moja hesabu zake za benki zikakataa kuingiana na za benki. Alihangaika, mwishowe akampa brathe yake, ambaye alikuwa mtu wa benki. Jamaa akakaa nayo, akarudi na jibu: mara zingine dadake alikuwa anatoa hesabu kwa msingi wa 8. Akaona hapana, kama mtu lazima abadilike hapa, si yeye. Ni kompyuta.

Mwenye alimpa moyo alikuwa mwanamke mwenzake, Betty Holberton, mmoja wa wale wasichana sita walioprogramu ENIAC. 1951 Betty alitengeneza programu inayoandika programu ya kupanga data. Unaiambia tu data yako imekaa vipi, inakutolea msimbo. Grace aliona mlango uko wazi.

Pasi ya basketboli

Kati ya 1951 na 1952 akaandika A-0. Venye ilifanya kazi ni rahisi kuelewa. Alichukua vile vipande vyote vilivyopimwa, akaviweka kwa utepe wa sumaku, na kila kimoja akakipa namba ya kuitia. Programu mpya ikawa ni orodha fupi: leta kipande hiki, tumia namba hizi, halafu leta kile. Mashine ilisoma orodha, ikaenda kwa utepe, ikachukua vipande, ikavikopi, ikarekebisha anwani zote, ikatema programu kamili.

Soma hiyo tena. Unaandika jina fupi, mashine inaleta msimbo mrefu na kuupanga mahali pake. Aliliita jambo hilo kukusanya, na kutoka hapo ndipo tulipata neno kompaila. Wataalamu wa leo wanasema A-0 ilikuwa karibu zaidi na programu ya kuunganisha vipande kuliko kompaila za sasa, na hawajakosea. Lakini wazo ndilo lilikuwa kubwa.

Kulikuwa na kisiki kimoja. Mashine ilikuwa na kumbukumbu ndogo sana, maneno 1,000 tu, kwa hivyo Grace alitaka isome orodha mara moja, isirudi nyuma. Kurudi kwa mstari uliopita ni rahisi kwa sababu unajua uko wapi. Lakini programu ikitaka kuruka mbele, mahali penyewe bado hapajaandikwa. Utarukaje kwa anwani ambayo haipo?

Jibu lilitoka kwa uwanja wa basketboli. Akiwa chuo alicheza kwa sheria za wanawake za wakati ule, ambapo huruhusiwi kukimbia na mpira. Ukifika mwisho unampa mwenzako pasi, unakimbia mbele, halafu anakurudishia. Basi akatenga kona kwa kumbukumbu. Programu ikitaka kuruka mbele, inarusha mpira kwa hiyo kona. Baadaye, kile kipande kinachongojwa kikifika na kupata anwani yake, kinaacha ujumbe kwa ile kona: mpira nirushie hapa. Pasi imekamilika.

Hakuna aliyetaka kuamini

Mei 1952 alipeleka karatasi yake kwa mkutano wa watu wa kompyuta huko Pittsburgh, akieleza venye mashine inaweza kuelimishwa ifanye kazi ya programa. Ungedhani watu walisimama kupiga makofi. Wapi! Aliambiwa kompyuta inajua hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Programu yake ilikuwa inafanya kazi mbele ya macho yao na bado watu waligoma kuigusa.

Kwani shida ilikuwa nini? Sehemu ilikuwa ni pesa. Saa moja ya kompyuta ilikuwa ghali kuliko saa ya binadamu, na wasee waliogopa mashine itapoteza muda ikijitafutia vipande. Sehemu ingine ilikuwa ni heshima ya kazi. Maprograma wa kwanza walijiona kama waganga: ni sisi tu tunaweza kuongea na hii kitu. Mtu akija na njia ya mkato inayofanya kila mtu aweze, mganga anabaki na nini?

Kama umekuwa mtandaoni miaka hii ya AI, hiyo hofu unaitambua. Si ya jana.

Grace hakubishana sana. A-2 ilipofika 1953, alituma kwa wateja pamoja na msimbo wake wote, akawaomba wairekebishe na kumrudishia mawazo yao. Miaka mingi kabla neno programu huria halijazaliwa, yeye alikuwa ashaanza.

Kifaransa kilivyoshtua mabosi

Halafu akaona vipande peke yake havitoshi. Watu wa hisabati wanapenda alama, sawa. Lakini karani wa mishahara na mhasibu wa stoo hawataki alama, wanataka maneno. Kwa nini mtu asiandike kwa lugha ya kawaida kwamba linganisha hii na ile, ikiwa sawa nenda pale?

Alipeleka wazo kwa mabosi na programu ndogo ya majaribio iliyoandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Ili kuonyesha kwamba kwa mashine maneno ni alama tu, akabadilisha akaandika ile ile kwa Kifaransa, halafu kwa Kijerumani. Mashine ikazimeza zote bila shida. Mabosi wakaingiwa na baridi. Kompyuta ya Kimarekani, imejengwa Philadelphia, inaelewa Kijerumani? Hiyo ilikuwa imezidi. Grace na timu yake ilibidi waahidi watabaki na Kiingereza tu, ndipo mambo yatulie.

Lugha iliyotoka hapo iliitwa FLOW-MATIC. Mei 1959 wasee kama 40 kutoka serikalini na kampuni za kompyuta walikutana Pentagon, maana kila kampuni ilikuwa na lugha yake na ukinunua mashine mpya unaandika kila kitu upya. Huo ndio marudio mbaya kuliko yote: kazi nzima kutupwa kwa sababu umebadilisha mashine. Kwa hicho kikao ndipo safari ya COBOL ilianza. Waliokaa chini kuiandika ni kamati, pamoja na akina Jean Sammet. Grace alikuwa mshauri, lakini FLOW-MATIC ndiyo ilikuwa uti wa mgongo.

Desemba 1960 programu moja ya COBOL ilipitishwa kwa mashine mbili za kampuni tofauti, RCA na Remington Rand, na ikafanya kazi kwa zote mbili na mabadiliko madogo tu. Andika mara moja, tumia kwingi. COBOL bado inazungusha hesabu za benki nyingi duniani hadi leo.

Shosho na vipande vya waya

Mwisho wa 1966 jeshi lilimstaafisha. Haikufika mwaka: Agosti 1967 wakampigia arudi miezi 6 kusaidia kupanga lugha zao za kompyuta zilizokuwa zimegeuka ngori. Hiyo miezi 6 haikuisha. Alikaa karibu miaka 20. 1969 chama kimoja cha watu wa data kikaanzisha tuzo ya Mwanaume Bora wa Mwaka, na wa kwanza kupewa ni yeye. Hata hawakubadilisha jina la tuzo.

Vijana wakamwita Nyanya wa COBOL. Kwa mitaa yetu tungesema shosho tu. Alikuwa anatembea na vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, anagawia watu kama peremende. Huo ndio umbali wa juu kabisa ambao umeme unaweza kusafiri kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Jenerali akiuliza kwa nini ujumbe wa setilaiti unachelewa, anaonyeshwa waya: kati ya hapa na setilaiti kuna vipande kama hivi vingi ajabu. Programa naye akipewa, anaambiwa ajue anachotupa akiandika msimbo wa uvivu. Ofisini alikuwa na saa ya ukutani inayozunguka kinyumenyume, kukumbusha watu kwamba hakuna sheria kitu kifanywe jinsi kilivyofanywa jana.

1983 alipandishwa cheo kwa amri maalum ya rais, na 1985 cheo hicho kikabadilishwa jina, akawa amiri. Tarehe 14 Agosti 1986 alistaafu rasmi Boston, juu ya meli ya zamani USS Constitution, akiwa na miaka 79, afisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini. Unafikiri alienda kuchill? Aliajiriwa na kampuni ya kompyuta ya Digital, akaendelea kuzunguka akifunza hadi mwili ulipokataa. Alilala usingizi wa mwisho tarehe 1 Januari 1992, miaka 85, akazikwa Arlington na heshima za kijeshi.

Sasa wewe na kibodi yako

Turudi kwa laptop yako. Njia za mkato za kihariri si uvivu. Kila mara unapoandika kipande kile kile kwa mkono, unafungua mlango kwa ile 4 inayogeuka A. Kipande ukikipima mara moja, ukakihifadhi kama kiolezo na jina fupi, kitatoka vile vile mara elfu.

Anza na vitu vidogo. Kwa VS Code, alama ya mshangao na Tab inakupa mifupa ya HTML. Ukiandika ul>li*5 halafu Tab, orodha ya vitu vitano iko tayari. Ctrl na D inachagua neno lile lile linalofuata, ubadilishe yote kwa mpigo mmoja. Wasee wa Vim nao wanabonyeza q na herufi kurekodi hatua zao, halafu @ na hiyo herufi inarudia. Na ukijipata umeandika kitu mara ya tatu, hiyo tayari inadai kiolezo chako mwenyewe.

Lakini usisahau sheria ya zile daftari za Harvard: kilichoingia daftarini kilikuwa kimepimwa kwanza. Kiolezo chenye kosa kinasambaza kosa kwa kasi kuliko mkono wowote. Na kama unakipesti mahali kumi kwa programu moja, pengine hicho si cha kupesti tena. Kifanye kiwe kipande kimoja kinachoitwa kwa jina, venye Grace alifanya na utepe wake.

Leo kuna meli ya kivita inaitwa USS Hopper. 2016 Rais Obama alimpa nishani ya juu zaidi ya raia, miaka 24 baada ya kufa, na 2017 Yale wakabadilisha jina la chuo kimoja chao kuwa Grace Hopper College. Heshima zote poa. Ila ile kubwa kuliko zote inatokea bila sherehe, kila mara msee ako kwa keja usiku wa manane, anaandika herufi tatu, anabonyeza Tab, na mashine inafanya kazi iliyokuwa ikimla mtu masaa.